Kigingi cha Thelathini na Moja

"Iunganishe," Wilma Hautala alisema.

Tobin Kesler aliitazama kamera iliyowekwa mezani, akaitazama lenzi iliyokuwa kando yake, kisha akamtazama mpelelezi usoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na usiku wa pili mahabusu ulikuwa umemchakaza.

"Afande, unanitega?"

"Lenzi ni yako, kamera ni ya marehemu. Kama lenzi hii uliichomoa kwenye kamera hii, itarudi ilikotoka. Iunganishe."

Tobin alijaribu. Akaizungusha lenzi kulia, akaizungusha kushoto. Meno hayakushika. Alijaribu mara ya tatu, taratibu, ili afande aone kwamba hafanyi ujanja, kisha akaiweka mezani.

"Haziingiani. Kila kampuni na mdomo wake. Niliwaambia tangu juzi, hakuna aliyenisikiliza."

"Mimi nakusikiliza. Kioo kimekwaruzwa na nini hiki?"

"Ubao." Kwa mara ya kwanza kijana alionyesha dalili ya tabasamu. "Hii ni jicho la samaki, afande. Inaona pana mno, kwa hiyo kitu kikiwa mbali kidogo tu kinakuwa kama sisimizi. Lazima usogee. Unalala chini, mwenzako anaruka, skeitibodi inakupitia puani. Lenzi isiyo na mikwaruzo, wanakuuliza ulikuwa umejificha wapi."

"Na picha yake ikoje?"

"Inajaza, kona hadi kona. Ile ya mzee nimeonyeshwa picha zake hapa, zinatoka duara, pembeni kote giza. Zote zinaitwa jicho la samaki, lakini si samaki mmoja."

Wilma aliandika. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na alikuwa na tabia ya kuandika polepole mpaka mtu wa mbele yake akachoka na kuongeza neno. Tobin aliongeza.

"Nilikwenda kule kupiga picha kwenye bwawa bovu la saruji ambalo wenzangu huteleza kwa ubao. Nilifika Jumanne, mvua ikanifukuza. Sikumwona mzee. Mama yangu anajua nipo hapa?"

"Yuko nje tangu asubuhi."

Kijana aliinamisha kichwa.

Sherifu Gaskill alikuwa akimsubiri Wilma ukumbini, kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa mtu mwema kwa njia yake, ila akishakata shauri, hata malaika angepata shida kumrudisha nyuma.

"Umethibitisha nini?" aliuliza. "Kwamba lenzi ya mzee ameshaificha kwingine. Gari lake lilionekana Jumanne barabara ya magogo. Na picha ya mwisho ya marehemu ina mtu wa rangi ya chungwa, upande wa magharibi, upande wa barabara ya magogo. Kijana ana sweta la chungwa. Unataka nini tena, barua yenye sahihi?"

"Novemba hii, Gaskill. Msimu wa kuwinda. Nusu ya Oregon imevaa chungwa isipigwe risasi."

"Nusu ya Oregon haikuwa na jicho la samaki mkobani."

"Na kifuniko?" Wilma aliinua mfuko wa ushahidi. Ndani yake mlikuwa na kifuniko cheusi cha plastiki, mviringo, cha kuziba mdomo wa kamera isiyo na lenzi. Orrin Pelkey alikutwa chini ya korongo, kamera ubavuni mwake, na kamera ilikuwa imezibwa kwa hiki. "Niambie mwizi gani anamsukuma mtu korongoni, anaiba lenzi, anaacha kamera, halafu anachutama kwenye mvua kuziba kamera isiingie maji."

"Mwizi msafi." Sherifu alikunywa kahawa. "Alama za vidole hapo ni za Orrin peke yake."

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

"Utalala baada ya saa nane. Saa nane mchana anasimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuua, na hakimu huyu hatoi dhamana. Una saa nne, Wilma."

Dakika arobaini na tano za saa hizo alizitumia barabarani. Mvua ilikuwa ile ya kawaida, isiyonyesha wala kukatika. Kwenye kiti cha pembeni lilikuwa jalada la Orrin, na lilikuwa jembamba kuliko majalada ya watu waliokufa yanavyopaswa kuwa. Miaka sitini na moja, fundi wa misitu, hakuoa. Kila vuli kwa miaka kumi na minne aliingia msitu wa Sorrel na kupiga picha mbingu kutoka juu ya vigingi arobaini, vile vile, kwa mpangilio ule ule, ili kupima mwanga unaopenya kwenye miti. Simu ya mwisho aliyopokea ilikuwa siku kumi na moja kabla ya kifo chake, nayo ilitoka kwa daktari wa meno. Alikufa Jumanne. Wachuma uyoga walimkuta Ijumaa. Kati ya siku hizo hakuna mtu hata mmoja aliyepiga simu kituo cha polisi kuuliza yuko wapi, na jambo hilo lilimuuma Wilma kuliko jeraha la paja lililomuua.

Kituo cha utafiti cha Sorrel kilikuwa nyumba moja ya mbao mwisho wa barabara ya changarawe, mashariki ya msitu. Aliyekitunza, mwaka mzima, peke yake, aliitwa Ardith Lindqvist. Alifungua mlango kabla Wilma hajabisha.

"Nilisikia gari," alisema. "Huku likija gari linasikika dakika tano kabla. Karibu, dada. Vua viatu, samahani, sakafu ndiyo kwanza nimeipiga deki."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa makamo ya Wilma, nywele zimekatwa kwa mkasi wa jikoni. Aliweka kahawa mezani na biskuti za shayiri, akakaa, akaviweka viganja vyake juu ya meza kama mtu anayesubiri kukaguliwa kucha.

"Polisi walikuja Jumamosi," alisema. "Yule askari wa masharubu. Aliniachia nakala za picha za Orrin nisaidie kuzitazama."

"Najua. Nimekuja kukuuliza kuhusu kazi yenyewe. Alikuwa anapigaje?"

Uso wa Ardith ulilegea kidogo. Mtu akiulizwa kazi yake hupumua.

"Unaweka kamera kwenye stendi juu ya kigingi, inatazama juu wima. Unailenga kaskazini kwa dira. Lazima pawe na mawingu, mawingu mazito sawasawa, maana jua likitokea picha imeharibika. Na mpigaji lazima ajifiche. Ile lenzi inaona nyuzi mia na themanini, mpaka upeo wa macho pande zote. Ukisimama karibu, umo. Kwa hiyo unachutama chini ya kamera ndipo unabonyeza."

"Na msaidizi?"

"Anakaa mbali, au analala kwenye majani." Alitabasamu, tabasamu lisilo na furaha. "Kuwa rafiki wa Orrin ilikuwa kazi ya kutoonekana. Miaka kumi na minne, dada. Picha mia tano na zaidi zilizopigwa tukiwa wote msituni, na hakuna hata moja yenye mimi na yeye."

"Mlikuwa marafiki?"

"Tulikuwa wawili," Ardith alisema. "Sikuwahi kutafuta jina lingine."

Wilma alikunywa kahawa. Kisha akatandaza ramani ya msitu mezani, na juu yake akaweka picha ya kigingi cha thelathini, ya mwisho kwenye kadi ya kamera ya Orrin. Ilikuwa duara kubwa: katikati anga ya kijivu, na kutoka pande zote vichwa vya misonobari vikielekea katikati. Juu ya duara palikuwa na alama ndogo nyekundu ya kaskazini. Ukingoni kabisa, kushoto, kati ya mashina mawili, palikuwa na doa la rangi ya chungwa.

"Sherifu aliiweka hivi," Wilma alisema, akilinganisha kaskazini ya picha na kaskazini ya ramani. "Doa liko kushoto. Kushoto ni magharibi. Magharibi ni barabara ya magogo, na kijana wetu alikuwa amepaki huko. Saa nane leo anashtakiwa kwa..."

"Siyo," Ardith alisema.

Alilisema haraka, kwa sauti ya mwalimu aliyekwisha kurudia somo hilo mara mia.

"Picha inatazama juu, ramani inatazama chini. Mashariki na magharibi zinabadilishana. Ukilala chali, kichwa kaskazini, mkono wako wa kushoto unaelekea mashariki. Kila mwaka wanafunzi wanakosea hapo hapo. Kila mwaka! Nimewaandikia mpaka bango..."

Akanyamaza.

Wilma aliuliza tu kaskazini ya nyumba iko wapi, Ardith akaonyesha jiko kwa kidevu. Basi mpelelezi wa kaunti, soksi miguuni na bastola kiunoni, akalala chali juu ya sakafu iliyopigwa deki, kichwa kuelekea jiko, akainua mkono wa kushoto na kuunyoosha. Mkono ulielekea upande ulio kinyume kabisa na barabara ya magogo.

"Mashariki," alisema akiwa chini. "Kuna nini mashariki ya kigingi cha thelathini?"

"Njia."

"Ya kutoka wapi?"

"Ya kutoka hapa."

Kutoka pale sakafuni Wilma aliona vitu ambavyo mtu aliyekaa kitini havioni. Aliliona koti la mvua lililotundikwa nyuma ya mlango, la rangi ya chungwa. Na juu ya dirisha, karibu na dari, aliona jedwali refu la karatasi lililoandikwa kwa mkono: miaka kumi na minne kwenda chini, vigingi arobaini kwenda kulia, na kwenye kila kisanduku asilimia ya mwanga. Alizisoma safu, moja baada ya nyingine. Hakuna kisanduku kilichokuwa kitupu. Alisoma safu ya mwisho, ya mwaka huu, mara mbili.

Aliinuka, akajifuta magoti, akakaa tena kitini.

"Ardith, kabla hujasema neno lingine: una haki ya kunyamaza. Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Una haki ya wakili, na usipomudu utapewa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kadi ya Orrin ina picha thelathini. Askari alikuletea thelathini. Jedwali lako mwaka huu lina arobaini."

Ardith aliinua macho kulitazama jedwali, na kwa kweli alionekana kushangaa. Aliandika namba zile kwa mkono wake mwenyewe, akaishi chini yake siku kadhaa, akamkaribisha askari wa masharubu chini yake, wala halikumjia wazo la kuacha visanduku kumi vitupu ili ajiokoe. Watu wengine wangechoma karatasi nzima.

"Ningeviachaje?" aliuliza, na hakuwa anafanya mzaha. "Mfululizo ungekatika."

Alisimama, akaenda kwenye kabati, akarudi na soksi nene ya sufi. Ndani yake mlikuwa na lenzi, nzito, nyeusi, kioo chake cha mbele kimetuna kama balbu, hakina hata mkwaruzo mmoja. Aliiweka mbele ya Wilma kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nampelekea betri, na kamera yangu, ya kampuni moja na yake, ilikuwa begani," alisema. "Baridi inazimaliza. Nilimwona kigingi cha thelathini, nikasimama mbali nisiingie kwenye picha, na kumbe nimeingia. Akahama kwenda thelathini na moja. Pale ukingo ni mbaya, nimemwambia miaka. Nilisikia tu majani, halafu mawe."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na robo. Nilishuka. Mguu ulikuwa umevunjika, lakini alikuwa anaongea, dada, alikuwa anatukana! Kamera ilikuwa imezama kijitoni, imekufa. Lenzi haikuguswa. Akaitazama mbingu, akaniambia, 'Mawingu yanafunguka saa sita. Vimebaki kumi. Chukua lenzi, weka kwenye kamera yako, kamalize, ndipo uite watu.' Nikamwambia una wazimu. Akaniambia, 'Ni mguu tu, Ardith. Mguu hauendi popote.'"

"Kwa nini hukuweka lenzi nyingine? Una kamera yako."

"Lenzi nyingine inapima mwanga mwingine. Kamera badilisha utakavyo, lenzi ni moja tangu siku ya kwanza." Aliigusa lenzi kwa kidole. "Aliichomoa mwenyewe. Na kifuniko alikuwa nacho mfukoni. Kamera imekufa kabisa, maji yanatoka, na yeye anaiziba isiingie uchafu."

Kwa hiyo alama za vidole zilikuwa zimesema kweli tangu mwanzo. Wilma aliliandika hilo.

"Ukaenda."

"Nikaenda. Nilikimbia kati ya vigingi. Kila nikichutama nilikuwa nahesabu. Cha arobaini nilikipiga saa sita kasoro dakika nane. Niliporudi nilikuwa namwita tangu mbali, namwambia zote zimetoka safi, zote kumi." Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyajali. "Alikuwa amekwisha kufa. Nilikaa naye mpaka giza. Kisha nikaja nyumbani."

"Siku tatu, Ardith."

"Ningemwambia nani, na ningesema nini? Kwamba mtu alikuwa anakufa na mimi napiga picha miti? Kila asubuhi nilisema leo nitapiga simu. Askari alipokuja hakuniuliza kama nilikuwepo. Aliniuliza kama namjua kijana mwenye ubao."

"Na ulijua kijana yule yuko ndani."

"Nilijua. Kwa hilo sina la kujitetea."

Wilma aliisogeza simu ya mezani karibu naye akapiga mjini. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi na tatu. Sherifu Gaskill alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake, kisha akauliza swali moja: ana hakika kuhusu mashariki na magharibi?

"Lala chini ujaribu," Wilma alimwambia. "Na mtu amwambie mama wa kijana kabla ya mwendesha mashtaka. Mama kwanza."

Alipokata simu, Ardith alikuwa amekwisha kuosha vikombe.

"Ataachiwa?"

"Leo hii."

"Vizuri." Alikausha mikono kwa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. "Kuna swali nataka kukuuliza, na usinionee huruma. Wewe umesoma ripoti ya daktari. Nataka namba."

"Ardith..."

"Nimeishi na namba. Nipe."

Wilma alikuwa amekwisha kuwadanganya watu wengi kazini, wengine kwa faida ya kesi na wengine kwa ajili ya rehema. Alilifikiria hilo, akaliacha. Mwanamke huyu alikuwa ameukataa uongo wa mashariki na magharibi uliokuwa umemwokoa, na hakustahili kupewa uongo mwingine.

"Mfupa ulichana mshipa wa paja. Alivuja damu ndani kwa ndani, polepole. Daktari anasema aliishi saa moja na nusu. Mtandao unashika pale mgongoni mwa kilima, dakika kumi na tano kutoka korongoni. Nimetembea mwenyewe. Helikopta ya uokoaji kutoka pwani ni dakika arobaini."

Ardith alisimama akijumlisha. Midomo yake ilicheza kidogo, kama ya mtoto darasani.

"Zingebaki dakika thelathini na tano," alisema.

"Ndiyo."

"Angepona."

"Huenda. Yeye mwenyewe ndiye aliyekutuma, na nitaliandika hilo kwa herufi kubwa."

"Alinituma kwa sababu hakujua. Na mimi nilikwenda kwa sababu..." Alikunja taulo mara mbili, akalilaza ukingoni mwa sinki. "Hajawahi kuniomba kitu. Miaka yote hiyo, hata chumvi. Siku hiyo aliniomba."

Wilma alimngoja avae viatu, avae koti. Ardith alizunguka nyumba kama afanyavyo mtu anayeondoka kwa muda mrefu: alizima jiko, akafunga maji, akaondoa waya wa kompyuta ukutani, akafunika biskuti. Alifanya yote bila haraka na hakusahau kitu.

Mlangoni, mvua ikiwadondokea, alifunga kufuli, akajaribu kitasa, akageuka na ufunguo mkononi. Aliitazama barabara ya changarawe iliyokuwa tupu mpaka inapopinda. Kisha akaitazama njia ya kwenda msituni.

"Ufunguo nimwachie nani?" aliuliza.

Lilikuwa swali la kawaida, na alilingojea jibu lake. Mwishowe Wilma alinyoosha mkono akaupokea.